Chumba cha Wifi

Mimi ndiye niliyemwingiza wifi yangu kazini, kwa hiyo asije mtu akasema nilimchukia tangu mwanzo. Barua yake ya maombi niliisahihisha mimi. Sketi aliyovaa siku ya usaili ilikuwa yangu, na ilimkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi, jambo ambalo nililiona nikalimeza. Nilimfikisha mpaka mlangoni kwa mkuu wetu, nikasema, "Huyu ni mdogo wake mume wangu, ana kichwa," nikarudi mezani kwangu roho ikiwa nyeupe kabisa. Miezi minane baadaye nilikuwa siwezi kumsikia akipiga chafya bila kukasirika.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Tuko watu tisa na tunaandika programu za hospitali na zahanati. Yangu mimi ni ya benki ya damu. Nimeiandika peke yangu, miaka sita, mistari yote. Inajua kila mfuko wa damu uliomo kwenye majokofu, ni wa kundi gani, umetolewa lini, unaharibika lini, na hospitali ikipiga simu kuomba damu, programu ndiyo inayosema utoke mfuko upi kwanza. Nimebeba mimba mbili za tumbo na moja niliyoichapa kwa vidole, na msicheke, kwa sababu hii ya vidole ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi.

Siku ya kwanza ya wifi kazini nilimwita mbele za watu, "Wifi, njoo ukae huku," na fundi wetu wa seva akadakia, "Haya jamani, wifi imefika, sasa mtandao utakimbia!" Fundi huyu tunamwita Kitasa, kwa kuwa nywila zote za ofisi anazo yeye na kumtoa moja mdomoni ni shughuli. Ofisi nzima ilicheka, na jina likaganda hapo hapo. Mkuu akamwita Wifi. Mlinzi wa mlangoni, mwanamume mzima na ndevu zake, naye akamwita Wifi. Nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba baada ya miezi mitatu nitakuwa nasikia jina hilo mara arobaini kwa siku, kila mara likifuatiwa na asante.

Kilichomletea asante zote hizo ni vyumba. Ngoja nieleze, maana bila hilo hamtanielewa. Programu hata siku moja haijitoshelezi. Inaazima kazi za watu wengine, vifurushi ambavyo sisi tunaviita maktaba: moja ya kuhesabu tarehe, nyingine ya kuchora jedwali, nyingine ya kuzungumza na printa. Kila maktaba ina toleo la zamani na toleo jipya. Balaa linaanza pale programu yangu inapotaka la zamani, yako inataka jipya, na wote wawili tuko kwenye seva moja. Miaka yote mimi nilizimwaga maktaba zangu hapo hapo kwenye seva, mahali pa wote, na nani aliuliza? Wifi alipokuja akaanza kutenga. Vitabuni wanaita mazingira yaliyotengwa; yeye aliita chumba, na ofisi ikafuata. Kila mradi na chumba chake, ndani maktaba zake kwa matoleo yake, pamoja na orodha ya kila kilichomo ili mwingine aweze kukijenga upya vile vile. Ukivuruga chumba chako, wa chumba cha pili hana habari.

"Wifi," nilimwambia mbele za watu, "programu yangu haina ugonjwa wa kuambukiza. Ya nini kuitenga?"

Walicheka, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. "Haitengwi kwa ubaya, wifi. Inapewa nafasi yake."

"Kwetu ukimtenga mtu umemtenga."

Wakacheka tena. Niliona nimeshinda. Kesho yake asubuhi wawili kati ya hao waliocheka walikuwa wamejenga vyumba vyao, na mmoja alikuwa anamwita Wifi aje kumkagulia.

Nyumbani nako hakukuwa na pumzi. Wifi anaishi kwetu. Ana chumba chake mwishoni mwa korido, kitanda kimetandikwa, vitabu vimepangwa, na wanangu wawili wakitoka shule mabegi wanayatua kwake. Zamani walikuwa wanayatua jikoni, miguuni kwangu, na mimi napiga kelele. Siku moja yule mdogo akaniuliza, kwa nia njema tu, "Mama, mbona shangazi akinifundisha hesabu hakasiriki?" Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Alicheka ndani ya kikombe. "Mdogo wangu ana utaratibu," akasema. Nikauliza kama mimi ni fujo. Akasema hakusema hivyo. Nikamwambia nimemsikia vizuri alichosema na ambacho hakusema, nikaondoka na mkate mkononi.

Wivu ndio huo, sitauzungusha. Nilimwonea wivu wifi yangu kwa ofisi, kwa mume, kwa watoto na kwa ile sketi. Nilikuwa na kijiba cha roho kikubwa kiasi kwamba nikiamka asubuhi nilikuwa nakitafuta kama kipo, na kipo.

Kisha ikaja seva mpya.

Mkuu alituita wote tukasimama kuzunguka meza yake. Seva ya zamani ilikuwa imechoka, inazimwa. Programu zote zihamie kwenye mpya. "Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, daktari wa benki ya damu anakuja hapa," alisema, na akanitazama mimi, maana zilizobaki karibu zote zilikuwa zimeshahama, kila moja na chumba chake. "Programu ya damu ikifanya kazi kwenye seva mpya mbele yake, inabaki. Isipofanya kazi, tunaizika kwa heshima na kuandika nyingine."

Kuizika kwa heshima! Miaka sita! Nilimwambia itafanya kazi. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, na nilikuwa sijui.

Seva mpya ilikuja na maktaba mpya tu. Programu yangu ilikuwa inaishi kwa maktaba za zamani, nyingine za zamani kweli kweli, na kwa kuwa sikuwahi kuandika orodha, hata mimi sikukumbuka ni zipi na ni matoleo gani. Wiki ya kwanza nilijaribu kuibembeleza. Wiki ya pili nikachoka kubembeleza, nikashusha toleo la zamani la maktaba moja kwenye seva yenyewe, pale mahali pa wote, kama nilivyozoea. Programu yangu ikasogea hatua moja. Programu ya miadi ya zahanati, ambayo wenyewe hawakuwa wamemaliza kuihamishia chumbani, ikaanguka chali. Simu zililia meza zote kwa pamoja. Wagonjwa wamepanga foleni na hakuna anayejua nani alikuwa aonwe na nani.

Nilisimama katikati ya ofisi na mdomo wazi. Wifi alivuta kiti, akauliza, "Wifi, ulishusha toleo gani?" Nikamwambia. Dakika kumi hazikufika, simu zikanyamaza.

"Asante, Wifi," mkuu akasema. "Leo bila wewe tungeumbuka."

Na mimi nimesimama pale pale! Kama alitaka kunichapa kofi angenichapa tu, lingeisha.

Wifi alinijia mezani alasiri hiyo, akainama karibu na sikio. "Wifi, nina kitu nataka nikuonyeshe. Ni dakika kumi."

"Nikipata nafasi."

"Hata kesho."

"Wifi, nimesema nikipata nafasi."

Alirudi tena siku ya tatu, na tena wiki iliyofuata. Mara ya mwisho sikuinua hata macho. Nilidhani anataka kunifundisha kujenga chumba, anikalishe kitako kama mwanagenzi mbele ya watu niliowafundisha mimi kazi. Ng'o. Heri nife na seva yangu.

Ndipo nikaanza kuona mambo. Jumatatu moja aliniuliza kwa upole, "Ile maktaba ya kuchapa lebo za mifuko uliitoa wapi, wifi?"

"Kwa jamaa mmoja. Alishaiondoa mtandaoni siku nyingi."

"Kwa hiyo nakala iko kwenye seva ya zamani tu?"

"Unaiulizia ya nini?"

"Najifunza," akasema, na akageuza uso haraka. Mtu anayejifunza hageuzi uso.

Baadaye nikamkuta anasoma mistari yangu, ameichapa kwenye karatasi na kuipiga alama kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu, kwenye kazi yangu! Nilipokaribia akaifunika na daftari. Watu wakienda kula mchana yeye alibaki. Nikipita nyuma ya kiti chake, kioo cha kompyuta kinabadilika ghafla. Jumanne kabla ya ile Alhamisi nilikuwa natoka chooni nikasikia sauti ya mkuu ndani ya chumba cha mikutano: "Basi Alhamisi ukae karibu na kompyuta. Kila kitu kiwe tayari." Na wifi akajibu, "Kiko tayari. Naomba tu asijue mpaka siku yenyewe."

Sikuhitaji tochi kuona hapo. Alikuwa ameandika programu yake ya damu. Amesoma yangu, amechukua akili yake yote, amepanga na mkuu, na Alhamisi mbele ya daktari yangu itaanguka, yake itasimama, na Wifi atapewa asante nyingine. 

Jioni hiyo hiyo mume wangu akaniuliza, "Hivi umeongea na wifi yako?"

"Kazini naongea naye, mezani naongea naye. Mnataka niote naye pia?"

"Ongea naye tu, mke wangu. Kabla ya Alhamisi."

"Kumbe hata wewe unajua!" nilisema. "Muulize mwenyewe," akasema. Nikachukua jibu hilo kuwa ushahidi, nikaongeza kwenye mafungu yangu.

Jumatano Kitasa alizima seva ya zamani. Aliisafisha kabisa, diski tupu, maana mashine ilikuwa inarudishwa kwa wenyewe. Programu yangu kwenye seva mpya ilikuwa bado inafika nusu na kuanguka. Nilichokuwa nacho ni maneno tu. Nilipanga kumwomba daktari wiki mbili, na nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maombi yangu mbele ya kioo cha bafuni mpaka mtoto akaniuliza naongea na nani.

Alhamisi nilifika saa mbili kasoro. Kitasa alikuwa ameshafika, anakuna kichwa. "Diski ya seva mpya inajaa," akaniambia. "Watu wanarundika tu. Wewe una funguo za ukubwa za kuingia kila chumba, hebu pitia kwenye vyumba, futa vilivyokufa, tupate nafasi kabla ya wageni."

Nilikaa, nikafungua. Vyumba vilijipanga kwa majina: chumba cha miadi, chumba cha maabara, chumba cha stoo, vyumba vitatu vya majaribio ambavyo hata mtoto angejua vimekufa. Nikafuta hivyo vitatu. Chini yao kulikuwa na kimoja ambacho sikuwahi kukiona. Kilikuwa kizito kuliko vyote, kimeguswa mara ya mwisho jana jioni. Jina lake: chumba_cha_wifi.

Nilicheka peke yangu. Hivyo vingine vyote vimepewa majina ya kazi; yeye amejipa chumba kwa jina lake mwenyewe. Hata aibu hana! Ofisi imemwita Wifi, Wifi, Wifi, mpaka amejiandika hivyo kwenye seva.

Sitasema nilipitiwa. Nilikijua si takataka. Nilijua saa nne kitafunguliwa mbele ya daktari. Nikajiambia mambo mawili matatu ya kujifariji: kwamba Kitasa kaniambia nifute, kwamba chumba si kitu, yeye mwenyewe ndiye anayetuhubiria kila siku kuwa chumba kikivunjika unakijenga upya kwa orodha yake. Basi akijenge upya, kwa nini asikijenge? Lakini asikijenge kabla ya saa nne. Angalau mara moja na yeye asimame katikati ya ofisi na mdomo wazi.

Niliandika amri ya kufuta, ile isiyouliza mara mbili. Ilichukua muda, maana kilikuwa kikubwa. Nilitazama mpaka mwisho. Kisha nikaenda kumwambia Kitasa nafasi imepatikana, akanishukuru, na nikanywa chai yangu yote bila kuacha.

Saa nne tuliingia chumba cha mikutano. Meza ndefu, viti vya plastiki, projekta inayonguruma. Daktari wa benki ya damu ni mama wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alifungua daftari lake na kuweka saa yake ya mkononi mezani. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na maombi yangu ya wiki mbili yamenijaa mdomoni. Roho ilikuwa imetulia kwa namna ambayo sasa nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa nasubiri kumtazama mtu akianguka.

Mkuu alisugua viganja. "Daktari, leo tuna habari njema. Mawifi wetu hawa wawili wamekufanyia kazi nzuri."

Nilidhani amekosea kusema. Wawili?

Wifi alikuwa mbele ya kompyuta. Aliinuka, akakisogeza kiti nyuma, akakishika mgongo. Alikuwa na lile tabasamu la watu wanaoficha zawadi nyuma ya mgongo. "Wifi, njoo ukae wewe," akasema. "Ni programu yako, ifungue mwenyewe. Chumba chako kiko tayari."

"Chumba changu kipi?"

"Kile. Nimekiandika kabisa. Chumba cha wifi."

Sikuelewa. 

"Jamani, wifi," akasema, akicheka kidogo kwa ajili ya wageni, "humu ndani mimi namwita nani mwingine wifi?"

 Ofisi nzima ilimwita Wifi. Yeye peke yake, miezi minane yote, asubuhi mpaka jioni, alikuwa ananiita mimi.

Alikuwa anamweleza daktari, na kila neno nililisikia vizuri kuliko nilivyotaka. Kwamba programu hii haikuwa na kasoro yoyote, ilikuwa inakosa tu maktaba ilizozaliwa nazo. Kwamba amezitafuta moja moja, arobaini na tatu, kwa kusoma mistari yote kwenye karatasi, maana orodha haikuwepo. Kwamba moja, ya lebo, haipatikani tena popote, akaitoa kwenye seva ya zamani Jumanne kabla haijasafishwa, akaiweka humo. "Kazi ya miaka sita haitupwi kwa sababu ya maktaba," akasema. "Sikubadilisha hata herufi moja. Nilitaka wifi aikute vile vile alivyoiacha." Akanigusa bega. "Andika jina, wifi."

Nilikaa. Niliandika, maana sikujua cha kufanya kingine. Ukutani, kwa herufi kubwa za projekta, kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu chenye jina hilo.

"Umekosea herufi," akasema wifi. Akainama, akaandika yeye. Jibu likawa lile lile. Akajaribu tena. Kisha akanyooka, akamwambia daktari kwa adabu, "Tunaomba nusu saa."

Nusu saa hiyo niliitumia nimesimama kwenye korido na glasi ya maji ambayo sikuinywa. Ndani, wifi na Kitasa walikuwa wameinamia kompyuta. Orodha ilikuwa ndani ya chumba. Maktaba ya lebo ilikuwa ndani ya chumba. Nakala za akiba za seva mpya zinaanza Jumamosi. Kitasa alijaribu kukifufua akashindwa, maana ile nafasi iliyopatikana asubuhi watu walishaijaza mafaili mengine. Programu ipo, mistari yote ipo, lakini haina mahali pa kusimama na hapajengeki tena bila ile maktaba ya lebo. Niliyajua hayo yote kabla hawajatoka kuniambia.

Wifi alitoka wa kwanza. Macho yalikuwa mekundu, lakini si kwa hasira. Alinishika mkono. "Tumeona kumbukumbu za seva," akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unasafisha, wifi. Kitasa alikwambia usafishe, na mimi mjinga nikakuficha. Hata uliposema huna nafasi, ningekwambia tu. Kaka aliniambia nikwambie tu, mimi nikang'ang'ania nikufurahishe." Akavuta kamasi. "Usiseme kitu humo ndani. Niachie mimi."

Ningesema pale pale. Nafasi ilikuwepo, korido tupu, mkono wake mkononi mwangu. Sikusema.

Tuliingia, mimi nikakaa. Wifi alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. "Chumba kimepotea na hakirudi," akasema. "Kosa ni langu. Sikuweka nakala."

Daktari aliuliza swali moja tu, kama kuna njia nyingine. Wifi akasema hakuna. Daktari akaandika kitu. "Basi tuanze upya," akasema. "Mpaka hapo wafanyakazi wangu watarudi kwenye madaftari ya karatasi. Mnaelewa maana yake? Mfuko wa damu utaoza nyuma ya jokofu kwa sababu mtu hakufunua ukurasa." Hivyo ndivyo programu yangu ilivyozikwa, na heshima yenyewe sikuiona.

Mkuu alikuwa amevimba. Sikuwahi kumwona akimkasirikia Wifi, na hata yeye nadhani alikuwa hajui aanzie wapi, kwa hiyo alianza kwa sauti kubwa. "Wewe! Wewe unayetufundisha sote kila siku, nakala, orodha, vyumba! Wiki tatu nakupa nafasi, na unasahau jambo la mtoto?" Akanyoosha kidole kwangu. "Mtazame wifi yako. Mtazame! Miaka sita, hana vyumba, hana mbwembwe, na hajapoteza faili hata moja. Ungejifunza kwake."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo miezi minane. Nilishawahi kuitunga mwenyewe nikiwa nakosha vyombo, neno kwa neno, hata na kidole kikinyooshwa. Sasa imekuja, mbele ya watu wote, na wifi yangu ameinamisha kichwa, anaipokea.

"Nimekifuta mimi," nilisema.

Mkuu aligeuka. "Nini?"

"Chumba. Leo asubuhi, saa mbili. Nimekifuta mimi."

"Alikuwa anasafisha diski," wifi akadakia haraka. "Kitasa ndiye alimwomba. Hakujua ni nini."

"Ndiyo," Kitasa akasema kutoka pembeni. "Mimi ndiye nilimwomba."

Mkuu akashusha pumzi, uso ukalegea. Hata daktari aliinua macho kwenye daftari lake kwa huruma kidogo. "Aa. Basi ni ajali," mkuu akasema. "Ajali inatokea kwa kila mtu. Hukuona jina?"

Wifi alikuwa amesogea karibu yangu, mkono wake umeshika mgongo wa kiti changu. Alinitikisia kichwa taratibu, kunikataza nisiendelee.

"Niliona jina," nilisema. "Si ajali. Nilidhani ni chake."

 Wifi alinitazama, kisha akauachia mgongo wa kiti, akakusanya karatasi zake zenye alama nyekundu, akamwomba mkuu ruhusa ya kutoka.